Siku Tisa Nilizoziacha Wazi

Paskali mwanangu, Elia, mwenzako wa chuo, ameisoma kazi yako Chuo Kikuu na kusema ni yake! Nimeona kwa macho haya, nimekaa benchi la mbele na kitenge changu kipya.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko uliko? Sisi tupo. Hapa Bashay tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi. Kopo lako nimelibeba mwenyewe kichwani. Balozi wa nyumba kumi akaniambia, acha takataka. Nikamjibu, balozi, takataka hii inajulikana Dar es Salaam!

Unakumbuka ulivyolileta? Kopo la samli ulilolipaka masizi, ukalijaza maji, ukafunika kioo, ukanipa kipimajoto na daftari. "Mama, kila siku saa sita mchana, pima uandike. Siku usiyopima, acha wazi. Usibuni." Bibi yako akacheka mpaka akakohoa: "Mnampima Lo'a kwa kopo?" Maana kwake jua ndilo Mungu. Nami ndiyo kwanza nimetoka darasa la watu wazima, tarakimu zangu zimelala chali kama mende, lakini nilipima. Mwaka mzima! Wenzangu hapa wanasoma majina yao. Mama yako anasoma jua. Sijisifu, nasema ilivyo.

Kisha ukaja likizo na ile homa. Siku tano nilikushika kichwa. Siku nne zikawa za msiba. Saa sita zilipita sikuziona. Niliporudi kwenye daftari niliandika tarehe tu, mbele yake hakuna kitu. Siku tisa. Kama ulivyoniagiza.

Elia alikuja kukuzika. Alilia kuliko wajomba zako. Mtoto aliyekula makande yangu likizo mbili, akalala kitanda kimoja na wewe, akaniita mama. Akasema, "Mama, ninakilie zile hesabu, nitazisoma kwenye semina kwa jina la Paskali." Nikanakili kurasa zote kwa mkono, vidole vikafa ganzi, na zile siku tisa nikaziacha wazi vilevile.

Alipoandika kwamba semina imekaribia, hakunialika. Nikapanda basi. Mama wa mwenye kazi anangoja kualikwa?

Walisema Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nikatega sikio nisikie Paskali, maana jina halina Kiingereza. Halikuja. Alimshukuru huyu na yule, hata dereva wa idara, lakini wewe hapana. Halafu akaandika namba ubaoni, na namba nazo hazina Kiingereza. Zilikuwa zangu! Nikazifuata tarehe kwa tarehe mpaka mwezi wako. Siku tisa zote zimejaa.

Siku tuliyokuzika ameipa jua kali.

Mwanangu, siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikuzika kwenye matope, naye alikuwepo. Viatu vyake nilivisafisha mimi.

Nikanyoosha mkono kama darasani. Nikasema kwa Kiswahili, siku hizo tisa hazikupimwa, mpimaji ni mimi, na kazi ni ya Paskali mwanangu. Elia akatabasamu, akawaambia watu, "Huyu mama amefiwa. Tumvumilie." Tumvumilie! Wakanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko tusi. Ila profesa mmoja mzee akavua miwani, akaniuliza, "Mama, daftari lenyewe liko wapi?" Nikasema liko kwangu. Akasema kazi haitachapwa mpaka aone hilo daftari.

Wiki iliyopita Elia kaniandikia. "Mama, tusiharibiane." Anataka nizijaze siku tisa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ileile, ili daftari lifanane na ubao wake. Nikifanya hivyo, jina lako litachapwa kitabuni chini ya lake. Nikikataa, anasema, kazi yote itatupwa na jina lako halitaonekana popote.

Nisikufiche. Nilishika kalamu. Jina lako kitabuni, Paskali! Ningelionyesha kwa kila mtu mpaka Endagikot. Nikafungua ukurasa ule, nikaona tarehe yako na nafasi ile nyeupe mbele yake, nikashindwa. Nijaze nini pale? Joto gani?

Nikairudisha kalamu mahali pake. Nikaandika barua mbili. Ya Elia nimeandika: njoo. Ya profesa nimeandika: njoo, shikamoo, daftari lipo kama lilivyo. Padri atakuwepo, balozi, wajomba zako, na wote waliobeba jeneza wakiteleza njiani. Elia atasimama mbele yao aseme siku ile kulikuwa na jua. Aliseme kwa Kiswahili, tusikie wote.

Kazi ikitupwa, itupwe ikiwa ya kweli. Nakuahidi hilo, na kopo nitaendelea kulisoma maadamu macho yanaona. Pumzika, baba yangu, mama hajakuuza. Nimewaambia wote wafike Jumamosi hii, baada ya misa.