Mstari wa Tatu wa Jedwali

Nyanungu, Tarime
24 Novemba 2024

Mpendwa dada Lilian,

Shikamoo. Hali yako huko Mtwara? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Mvua imechelewa, mahindi yamejikunja. Wifi Modesta miguu bado imevimba. Hasimami mpaka anyanyuliwe.

Binti yake, Mokami, ameenda chuo. Najua ulisikia kwamba kaka Kornelio amemkatalia, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa.

Mwaka jana kaka alitamka mbele ya wazee, "Mokami akipata daraja la kwanza, ataenda chuo." Matokeo yakatoka, akapata la pili. Kaka akasema neno lake ni neno, mtoto abaki nyumbani. Mokami hakulia. Alichukua ndoo akaenda mtoni.

Nilifika kwao nikitoka kufundisha kidato cha tano jedwali la ukweli, lile la hesabu linaloonyesha kauli ni kweli lini na uongo lini, nimechoka hata kubishana siwezi. Chaki ilikuwa mfukoni. Nikamchorea kaka jedwali lilelile mlangoni pa jiko: kupata daraja la kwanza, kwenda chuo, na mwisho neno lake, kama ni kweli au uongo.

Amepata, ameenda: kweli. Amepata, hakwenda: uongo. Hakupata, ameenda: kweli. Hakupata, hakwenda: kweli pia.

Kaka akagusa mstari wa tatu kwa kidole. "Kwa hiyo akienda, sijasema uongo?"

"Hujasema. Daraja la pili hukulitolea neno lolote."

Akasema taratibu, "Basi Robi, si neno langu linalomzuia. Ni mimi. Akiondoka, nani atamnyanyua mama yake?"

Swali hilo halina jedwali, dada. Nikajibu, "Mimi."

Sasa kila alfajiri namwogesha wifi ndipo niende shule, jioni namkanda miguu. Kaka anachota maji mwenyewe. Wanaume wenzake wanamtazama njiani, yeye hatazami mtu. Juzi nilisinzia nikisahihisha madaftari, wanafunzi wakaninyamazia tu.

Silalamiki. Ila shule zikifungwa Desemba, kama utapata ruhusa kazini, njoo hata wiki moja unipokee, nilale.

Nisalimie shemeji Athanas, pamoja na Gloria na Ezra. Kaka na wifi wanakusalimu. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Robi