Kiganja kwenye mlango wa shaba

Modesta, mume wangu Mihayo karudi kutoka kazini na kisa. Kanisimulia mara mbili na bado siamini.

Alikuwa Buzuruga, anapuliza rangi ya shaba kwenye mlango wa nje wa mjane mmoja, mama Wilhelmina. Mbao alizipiga msasa mwenyewe. Rangi ilipoanza kukauka, kikatokea kiganja cha mtu. Vidole vinne.

Akapiga msasa upya, akapuliza upya. Kiganja kikarudi palepale. Vinne, Modesta.

Akamwita mwenye nyumba. Mama wa watu alipokiona akakaa chini kwenye vumbi.

"Huyu ni marehemu. Kidole kilikatwa na injini ya mtumbwi. Kila alipotoka mwaloni kushusha samaki alisukuma mlango hapo, mkono umejaa mafuta ya sangara."

Hapo Mihayo akaelewa: mafuta yamezama kwenye mbao, ndiyo maana rangi haishiki. Akamwambia ipo dawa ya kuyaziba, asiwe na wasiwasi.

Mama akamshika mkono.

"Acha kama kilivyo, baba. Siku aliyozama ziwani, neno la mwisho nililomwambia ni, usinichafulie mlango kwa hiyo mikono yako."