Nguo Mbichi za Baba Mdogo

Hospitalini, Nanyuki
Sabato, baada ya ibada

Magokoro wangu mpendwa,

Bwakire, nakusalimu nyanya, mke wangu mzee. Najua kitu cha kwanza utakachouliza ni kama nimekula, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza: nimekula, ingawa ugali wa hospitali hii hata mbwa wako angeugeuzia mgongo. Wewe je? Magoti yamekupa nafasi kidogo, au bado yanakulilia ukipanda kutoka mtoni? Na kuku yule mwekundu, bado anataga kitandani kwako ukimtetea? Mimi niko hai. Vidole vya mguu wa kushoto vilivyokufa kwa baridi vimekatwa, na daktari anasema nitatembea, ila kwa kuchechemea. Kwa hiyo kama ulikuwa unataka kuniacha utafute mume mwenye vidole vyote, huu ndio wakati wako.

Natania, lakini wacha tu. Sina raha yoyote, Magokoro. Tangu tumpoteze mwanao sijalala usingizi wa maana, na usiku kucha nakufikiria umekaa peke yako kwenye kile kigoda chako. Pole. Pole sana, mama wa baba yangu. Ulizika mtoto wako wa mwisho na mimi sikuwepo hata kukushika mkono.

Sasa wewe Kerubo, dada yangu unayesoma, simama hapo kwanza. Kama kuna mtu mwingine karibu, ikunje barua. Nenda na Magokoro mpaka kwenye migomba ya chini, umsomee huko polepole kwa lugha yetu. Mama asisikie, mama mdogo asisikie, na baba ndiyo kabisa. Wewe ni wa kizazi changu, kwako si vibaya. Na Magokoro ni nyanya yangu. Hakuna neno ambalo mimi na yeye hatuwezi kuambiana.

Magokoro, Kerubo aliniandikia yanayosemwa huko nyumbani. Anasema mama mdogo Kemunto anasimama sokoni Masimba na kuwaambia watu kwamba mimi nilimwacha mume wake afe. Anasema walipomfungua baba mdogo ili wamwoshe, walimkuta na suruali mbichi, shati bichi na koti bichi, vimemgandia mwilini, na dereva aliyemleta akawaambia kwamba mimi nilishushwa mlimani nimefungwa blanketi kavu. "Mtoto wa kaka yake alijifunika, akamwangalia baba yake anaganda," ndivyo anavyosema. Na ameapa kwamba sitakanyaga ua wake, na kaburi liko kwenye ua wake.

Simlaumu, maana hata mimi kama ningeona nguo zile ningesema hivyo hivyo. Lakini nataka kumwaga udongo wangu kwenye kaburi la baba mdogo, Magokoro. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka alivyokuja huku baada ya mavuno. Alichoka kusikia mama mdogo akilia juu ya nyumba inayovuja, na alisema mwaka huu lazima apate mabati kabla ya mvua kubwa. Mimi nilikuwa nimeshazoea kazi hii ya kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, na siku ile kambi ilikuwa imepungukiwa na wapagazi. Kiongozi wetu, Mzee Githinji, alimtazama mabega akasema, "Huyu ni mtu." Basi akaingia kazini.

Siku za kwanza alitufurahisha sote. Tulipita msituni, kwenye mianzi, njia ikiwa matope hadi kwenye magoti, na yeye na mzigo wake anaimba nyimbo za kanisa kama anakwenda kwenye makambi ya Waadventista. Alipowaona wageni wanahema, wengine wanatapika kwa ajili ya hewa nyembamba ya huko, aliniuliza kwa lugha yetu, "Hivi hawa wazungu wamepoteza ng'ombe huko juu?" Nikamwambia hapana, wanapanda tu kisha wanarudi. Alisimama akacheka mpaka Githinji akamfokea. Huko juu zaidi kuna miti ya ajabu, imevaa majani yake makavu kuanzia juu mpaka chini kama mgomba ambao haujapogolewa. Aliishika shika akasema mwenye shamba hili ni mvivu.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba hakuwa na huzuni. Alikuwa anatembea vizuri kuliko mimi.

Siku tuliyotakiwa kufika kibanda cha juu tuliondoka jua likiwaka. Kufika mchana wingu lilishuka likatufunika, huoni hata mgongo wa mtu aliye mbele yako. Ikaanza mvua, mvua ikachanganyika na theluji, na upepo, Magokoro, upepo wa kule unakusukuma kama fahali. Tulilowa mpaka kwenye mfupa. Mgeni mmoja alianguka akashindwa kusimama. Githinji akasema hatuwezi kufika, tupige hema pale pale kwenye mawe. Wageni wakawekwa kwenye hema lao na mifuko yao ya kulalia. Sisi wa kazi tulikuwa wanne: Githinji mwenyewe, Kirimi ambaye ni Mmeru, mimi na baba mdogo. Tuliingia kwenye hema letu dogo, na blanketi kavu zilikuwa mbili tu, zile zilizofungwa ndani ya turubai.

Githinji anaujua ule mlima. Alisema, "Nguo mbichi ndizo zinaua. Vueni zote, mtu asibaki hata na shati. Laleni wawili wawili, ngozi kwa ngozi, mpaka hii ipite." Akaanza yeye. Mimi vidole vilikuwa vimekataa hata kufungua kifungo, kwa hiyo Kirimi alinivua kabla sijajua la kufanya, akanitupia blanketi.

Nilipoinua macho nikamwona baba mdogo ameshatugeuzia mgongo. Amevuta kofia mpaka kwenye pua, maji yanamchuruzika.

"Mzee, vua," Githinji akamwambia.

"Mimi niko sawa."

"Hauko sawa! Midomo yako imekuwa ya kijivu. Vua uingie hapa na kijana wako."

"Nimesema niko sawa, bwana. Lindeni vijana."

Mimi nilielewa pale pale. Hao wengine wangeelewaje? Yule ni baba yangu. Tangu nilipotahiriwa sijawahi kukanyaga chumba anacholala, wala yeye changu. Nikimsikia anaoga mtoni nilikuwa nazunguka mpaka kwenye shamba la chai la watu. Leo aambiwe avue nguo zote mbele yangu, nami niko uchi mbele yake, halafu tulale kifua kwa kifua? Ensoni ya baba na mwana, Magokoro. Wewe ndiye uliyemfundisha neno hilo kabla hajajua kuvaa kaptura.

Githinji akanigeukia. "Mzee wako ana nini?"

Nilitafuta neno la Kiswahili nikalikosa. Nikasema, "Ni heshima."

"Heshima!" Alipiga kelele kuliko upepo. "Heshima ya nini hapa? Wewe mzee, huyu si mwanao? Nani atakupa joto kama si mwanao?"

Baba mdogo akamjibu bila kugeuka, "Ndiyo maana. Kwa sababu ni mwanangu."

Githinji na Kirimi walimshika koti wamvue kwa nguvu. Aliwasukuma wote wawili, na bado alikuwa na nguvu, nusura waangushe hema. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Tata, nitafunga macho. Nitageukia huku."

"Yako utayafunga," akasema. "Na yangu?"

Nikaona basi, dawa ni mimi niondoke. Nikajifunga blanketi nikaanza kutambaa kwenda mlangoni, nikatafute hema la wageni. Githinji alinidaka mguu. Lakini baba mdogo ndiye aliyenizuia. Alinyoosha mkono wake nyuma, bila kunitazama, akaniwekea kama kizuizi. "Ukitoka humu utapotea, na mimi nitamwambia nini mama yako? Rudi."

Nikarudi. Kwa nini nilirudi? Najiuliza kila siku. Alisema rudi, na yeye ni baba.

Alikaa mlangoni mwa hema, mgongo kwetu, pale upepo unapoingilia. Mgongo wake ndio ulioziba ule mlango, Magokoro. Sisi tulipata joto kidogo kwa sababu yeye alikuwa amekaa pale. Haya mama mdogo hayajui. Akaimba kidogo. Akaniambia nikumbuke kumwambia fundi aanzie mabati upande wa jikoni, ndiko kunakovuja zaidi. Mara maneno yakaanza kumponyoka, anaanza moja anamaliza lingine. Mara akaacha kutetemeka, nami mjinga nikafurahi, nikadhani amepata nafuu. Nikamsikia anasema, "Kumbe jua limetoka." Kisha akaanguka kwa ubavu.

Hapo sikuuliza mtu. Tulimvuta ndani, nikamvua mimi mwenyewe, nguo zote, kwa mikono yangu hii. Nikamkumbatia, ngozi kwa ngozi, Githinji akatufunika blanketi zote mbili, akamsugua miguu. Alikuwa baridi kuliko mawe ya pale nje. Nilimpulizia pumzi shingoni. Nilimwita Tata, nikamwita Onchari kwa jina lake, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani mwangu. Nililia, sikuficha.

Akafumbua macho mara moja. Aliniona. Nakuapia aliniona mimi, uso wangu ulikuwa juu ya uso wake. Akayafumba tena. Na hakuyafumbua.

Upepo ulipotulia Githinji alisema tumfunge kwenye turubai vile vile, tumshushe. Nikakataa. Nilifikiri wazee watamfungua nyumbani wamkute hana nguo, wataulizana ni nani aliyemvua, na alikuwa na nani. Jina lake litazungushwa sokoni pamoja na neno lile la kuvunja ensoni. Mtu alikubali kufa ili jambo hilo lisitokee, mimi nimtoe mlimani uchi? Nikazichukua zile nguo zake, zilikuwa zimeshakuwa ngumu kwa barafu, nikamvika. Suruali, shati, koti, kila kitu. Vifungo vingine nilivivuta kwa meno. Githinji alinigombeza, eti maiti na nguo mbichi ni za nini, na mimi bado sijavaa viatu. Ndipo vidole vyangu vilipokufia, pale.

Kwa hiyo nguo ambazo mama mdogo anawasimulia watu ni mimi niliyemvisha. Dereva naye hakusema uongo, nilishushwa kwenye blanketi kavu. Hakuna aliyesema uongo, Magokoro, na bado mimi ndiye niliyemuua.

Nimeiandika barua hii mara nyingi nikaichana. Ukimweleza mama mdogo ukweli, mimi nitafunguliwa ua, nami nitamwaga udongo wangu. Lakini atajua kwamba mume wake alikufa mikononi mwa mwanawe, wote wawili hawana nguo, na siri ya namna hiyo haiwezi kukaa kwa mtu mmoja anayelia. Itabidi mbuzi wa kutakasa achinjwe, na wazee waulize, na baba yangu akae aisikilize. Ukinyamaza, heshima ya mwanao itabaki nzima, nami nitabaki yule mtoto wa kaka aliyejifunika. Sikuchagulii. Ukiona vema kunyamaza, nyamaza, nami sitaleta maneno. Nitakuja kwako usiku wa kuamkia Sabato, nisimame karibu na nyumba yako, nilitazame kaburi lake ng'ambo ya ua, nirudi zangu.

Jambo moja tu nakuomba unijibu, na Kerubo aliandike vile vile utakavyolisema. Alipofumba macho ile mara ya mwisho, alifumba kwa sababu alikuwa amechoka, au alifumba ili asinione? Wewe ulimnyonyesha. Uliyajua macho yake kabla ya sisi wote. Ukiniambia alichoka tu, nitakuamini.

Msalimie baba, umwambie mguu unapona, usiongeze kitu. Msalimie mama, anayenisukia kikapu kila mwaka kana kwamba huku hakuna vikapu. Msalimie shangazi Bosibori wa Mosocho akija kukutazama, na mzee wa kanisa aliyemwombea baba mdogo siku ya mazishi. Watoto wa baba mdogo wakumbatie kila mmoja, hasa yule mdogo wa kike.

Na mama mdogo Kemunto, msalimie pia. Usimwambie salamu zimetoka kwa nani. Mwambie tu kuna mtu amesema upande wa jikoni ndiko waanzie mabati.

Ni mimi, mjukuu wako na mume wako mchechemeaji,

Nyamweya