Maneno ya Mlinzi Bubu

Jumatatu, 6 Mei

Nimechaguliwa. Mimi! Mwalimu wa klabu ya midahalo kapanga mbele ya wote: Ijumaa tunajadili kama filamu ya Lango la Chumvi imekitendea haki kitabu. Upande wa kitabu ni mimi na Miwani, rafiki yangu. Upande wa filamu ni Wakili – yule hata akiomba ruhusa ya kwenda chooni anatoa hoja tatu.

Miwani kaniambia nisiwe na wasiwasi. Yeye atafungua, mimi nipige msumari mmoja tu, nikae.

Msumari ninao. Kitabuni mlinzi wa lango ni msichana bubu. Sura nzima jeshi linamtukana, linambembeleza, linamtisha – yeye kimya, na lango halifunguki. Nilikisoma kwa Kiingereza, halafu ile sura nikajisimulia kwa Kiswahili kitandani. Ndiye mtu pekee kitabuni anayefanana na mimi. (Haya, nimeandika.)

Na filamu? Tuliitazama wote ukumbini Jumamosi, nakala yenye msimuliaji – jamaa mmoja anayewasemea wote kwa Kiswahili juu ya picha, mfalme, joka na bibi kizee, sauti ileile. Tukafika langoni. Mlinzi kafunikwa kitambaa mpaka machoni. Mara: "Kelele zenu pelekeni kwa mama zenu, hapa hapiti mtu!" Ukumbi mzima shangwe. Mimi nilitaka kulia. Wamempa bubu maneno!

Jumatano, 8 Mei

Wakili kanisimamisha kwenye korido. Eti, "Mheshimiwa, Ijumaa utaongea, au tukuletee ubao uandike?" Wakacheka. Na mimi nikacheka! Kwa nini nilicheka?

Halafu akajigamba kwamba hoja yake kuu ni pale pale langoni. Filamu ikikaa kimya watu wanasinzia, kwa hiyo yale maneno ndiyo yaliyoiokoa. Sawa. Tutaona.

Nimefanya mazoezi bafuni. Mama kagonga: "Mwanangu, unamsemesha nani humo?" Nikafungua bomba.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwisha.

Kaka karudi kutoka chuoni na filamu kwenye kompyuta yake. Nakala ya asili, haina msimuliaji. Nikamwomba anionyeshe langoni tu.

Hasemi kitu! Upepo, farasi wanakohoa, jeshi linafoka – na yeye kasimama tu. Nikasema rudisha. Akarudisha. Kimya. Mwishoni askari mmoja anainamisha macho, ghafla, kama mtoto aliyekamatwa akidokoa. Hilo kitabuni halimo. Ni zuri kuliko kitabu. Sikutaka liwe zuri.

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mnabishana na msimuliaji! Yule akiona kimya anakijaza, asije akaambiwa kalala kazini."

Nikampigia Miwani. Hakucheka. "We, tulia. Wakili hajui, Mwalimu hajui. Hotuba yangu yote nimeijenga juu ya hilo. Piga msumari wako, kaa, tushinde, basi."

Nikamwambia si kweli lakini. Akasema, "Nani kakuuliza?"

Hakuna aliyeniuliza. Kunyamaza naweza, hata kuliko wote. Ila kesho nikinyamaza nitakuwa nasema uongo, na huo sijawahi kuujaribu mbele ya watu.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika hapa hapa mezani, ukumbini. Wanadhani naandika hoja za wapinzani.

Miwani kafungua vizuri mno. "Wamempa bubu mdomo!" Makofi. Mwalimu kaitikia kwa kichwa.

Sasa Wakili kasimama. Anasema afadhali! Mlinzi wa kitabuni ni nguzo tu, ungeweza kutundika koti. Mtu asiyesema hana la kusema – halafu kanitazama mimi, kaachia nafasi watu wacheke. Wamecheka. Safari hii sikucheka.

Sasa anamwigiza msimuliaji, kitambaa usoni, "pelekeni kwa mama zenu!" Miwani hata haudhiki, anatabasamu – kadiri Wakili anavyoyasifu maneno yale, ndivyo tunavyoshinda.

Yule msichana alisimama pale muda wote ule. Hakusema neno. Na hapa pande zote mbili zinamsingizia.

Zamu yangu bado. Lakini taarifa, ya kumkatiza msemaji na kumsahihisha, inaruhusiwa wakati wowote. Nimeinua mkono wa kushoto. Wa kulia ndio huu unaoandika, mwandiko unaonekana ulivyo.

Mwenyekiti: "Wewe huko, ni taarifa, au unajinyoosha?"

Kicheko. Wakili kavua kitambaa, ananisubiri. Miwani ananivuta sketi chini ya meza. Kwa nguvu. Nasimama –