Kamongo na Kipokezi cha Njaa

Jumatatu, 3 Machi
Nimebadilisha barafu mara mbili. Vichupa kumi na viwili, kila kimoja kina kipande cha utumbo wa kamongo, yule samaki mwenye mapafu. Jioni nimevipakia kwenye basi, viende maabara Mombasa. Ramadhani imeanza, mikahawa ya hapa Garsen imefungwa mchana. Mimi sifungi. Nakula chumbani, mlango nimeurudisha, kama mwizi.

Tumbo tupu hunguruma. Ni homoni ya utumbo inayolingurumisha, nayo haiwezi kitu mpaka ishike kipokezi chake. Kamongo hujizika kwenye tope likikauka, akalala miezi bila kula. Je, kipokezi hicho anacho, au alishakipoteza zamani? Lilikuwa swali letu, mimi na Kahindi. Kahindi alipata kazi kwenye shamba la samaki, akaondoka. Sasa ni langu.

Alhamisi, 6 Machi
Barafu iliyeyuka njiani. Sampuli zote zimeharibika, jeni ya kipokezi haisomeki. Mkuu wangu kapiga simu. Niachane na kamongo, niandike kuhusu perege. Mvua ikinyesha kamongo wataamka wote, sitampata aliyelala. Nimeomba wiki mbili. Kakubali kwa sauti ya mtu aliyechoka nami.

Sikulia. Nililala saa tisa mchana.

Jumapili, 9 Machi
Nimechimba kwenye bwawa lililokauka. Mashimo manane. Malengelenge mikononi. Hakuna kitu. Mawingu upande wa baharini. Tangu Ijumaa sijaongea na mtu ila muuza maji.

Jumatano, 12 Machi
Mama mmoja muuza samaki kanielekeza kwa Mama Hawajo, mkulima wa mpunga Kilelengwani. Nimekwenda kwa pikipiki. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, hasemi sana.

"Wamtaka wa kula?"

"Wa kupima, mama. Nataka kujua kama tumbo lake lina kitu cha kusikilizia njaa."

Nikadhani atanifukuza.

"Njoo Ijumaa asubuhi, jua halijapanda. Nimefunga mimi, sitachimba mchana."

Ijumaa, 14 Machi
Kumbe nilikuwa nachimba ovyo. Mama Hawajo hutembea akiwa ameinama, anatafuta kitundu cha kupumulia, kidogo tu. Akikiona, anapiga jembe pembeni, si juu yake. Watatu kwa saa moja. Wamejikunja, mkia umefunika uso, wamevikwa ngozi kavu ya ute wao wenyewe. Mmoja alitikisika mkononi mwangu.

Niliwalaza kwa dawa, nikawaua, nikawapasua. Nimefanya hivyo mara nyingi. Leo yule aliyetikisika nilimwacha wa mwisho. Mama Hawajo aligeuza uso, lakini hakuondoka.

Sanduku la barafu lenye sampuli nimelipeleka Mombasa mwenyewe, nimelipakata safari nzima.

Jumapili, 23 Machi
Mvua. Kubwa, tangu alfajiri. Mashamba yamejaa. Kama sampuli hizi nazo zimeharibika, basi. Nachukia kusubiri. Nachukia chumba hiki.

Alhamisi, 27 Machi
Jeni ipo.

Imesomeka nzima, mwanzo hadi mwisho. Na utumbo ulikuwa unaitumia, hata kwa hao waliolala. Kamongo hakupoteza chochote. Nimepiga kelele peke yangu, hakukuwa na wa kuitikia. Mkuu kaandika: vizuri, leta rasimu.

Nikamtumia Kahindi matokeo. Alisoma papo hapo. Alituma dole gumba. Nikangoja aandike neno. Nimengoja mpaka magharibi.

Miaka mitatu ya kazi pamoja. Dole gumba. Imeniuma kuliko vile vichupa.

Ijumaa, 28 Machi
Nilikwenda Kilelengwani, sina sababu nyingine ila kumwambia. Matope, pikipiki ilikwama mara mbili, nikafika jua linazama. Mama Hawajo alikuwa anapakua uji.

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kupakua.

"Kwa hivyo njaa anaisikia?"

"Cha kuisikilizia anacho, mama. Kama anaisikia akiwa amelala, hilo sijui bado."

Akafunika sufuria. "Maskini. Mimi nikifunga, jioni nafungua na watu. Yeye kule chini hana mtu."

Nikainama kuvua viatu vyenye matope. Adhana ikasikika. Binti zake wawili wakaja na wajukuu, wakakaa kuzunguka sinia, wakasogeana bila kuambiwa mpaka pakapatikana nafasi.

"Kaa," akasema Mama Hawajo.

Nikakaa. Tende, uji wa mchele, samaki wa nazi. Mjukuu mdogo aliniegemea ubavuni akala hadi akasinzia. Hakuna aliyeniuliza tena habari za jeni. Nilikula sana.