Stelingi Aliyeweka Viti Viwili

Jumapili, Februari 2015. Louisville, Marekani.

Bado sielewi ile filamu ya kauboi. Jana Dieudonné, Mkongomani ninayefanya naye kazi ghalani, aliniwekea kwake. Imetengenezwa na Waingereza. Stelingi hana hata bastola. Anajenga nyumba nyikani, anaweka viti viwili mlangoni, anamngoja mkewe atoke Uingereza. Halafu filamu inaisha.

"Na mke?" nikauliza.

"Bon, Mzee Elias, ni vile tu. Hawa hawapiganake, wanangojaka tu."

Kule kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha video, watu wangedai warudishiwe kiingilio chao.

Leo baada ya kanisa nikampigia mke wangu Jeanette, ambaye bado yuko kambini Tanzania. Kila Jumapili namsimulia filamu, naye hucheka. Kesi yake ya kunifuata huku imekwama, na hakuna anayetuambia kwa nini. Leo hakucheka.

"Baba Neema, mwishowe mke alifika?"

Nikasema alifika.

"Alikalia kiti kipi?"

Nikasema kile cha upande wa jua. Sijui hilo nililitoa wapi.