Miguu ya Baba Yako Kwenye Basi

Vaitoa, kisiwa cha Savai'i
Jumatatu asubuhi

Kwa mwanangu mpenzi Temukisa,

Salamu nyingi sana, zikukute mzima wewe na wenzako wa ofisini huko Apia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Bibi yako Salote hajambo, ila masikio yamezidi kuziba, anataka tumpigie kelele kama tuko ng'ambo ya mto. Anauliza kama unakula. Kaka yako Iakopo hajambo, magimbi yake safari hii yamestawi mpaka majirani wanapita wakinuna. Mkewe Fialauia hajambo, anasema lile gauni ulilomletea limeanza kumbana, na sababu utaiona mwenyewe ukija. Mtoto wao Lagi hajambo, ameng'oka jino la mbele na amelificha kwenye kifuu akuonyeshe. Mchungaji na mkewe hawajambo. Hata yule mbwa wako mwenye sikio moja hajambo. Mimi mama yako sijambo, mgongo tu, nao nimeuzoea.

Baba yako sijamtaja. Najua umeona. Yeye ndiye aliyenishikisha kalamu, mimi nisiyeishika ila kwa kuandika majina ya watoto wa shule ya Jumapili.

Temukisa, baba yako ana kidonda mguuni. Kiko chini, kwenye unyayo wa kulia, na si kidonda cha kupaka mafuta ya nazi ukakaa ukangoja. Hataki kwenda hospitali, na amenikataza nisikuambie. Kupiga simu siwezi. Nyumba yetu haina kuta, ni nguzo na paa tu, kila neno husikika, na simu anakaa nayo yeye. Basi nimekaa hapa jikoni kwa mke wa mchungaji, nikasema naandika habari za nyuzi za mikeka. Mama Aperila anavuka na meli leo, atakukabidhi mkononi. Na yeye anadhani ni habari za nyuzi.

Acha nikueleze tangu mwanzo, nilivyoyaona mimi, maana nadhani kuna mahali tulipotea na hatukujua.

Ulipokuja na wale vijana wa ofisini, sisi wa kamati ya akina mama tulidhani mmeleta tena zile picha za miguu iliyokatwa. Tulizizoea. Watu wakiziona walifunika macho, wakasema masikini, kisha wakaenda dukani kununua nyama ya kopo. Wewe ukasema hapana, hakuna anayenunua sabuni kwa sababu ametishwa na uchafu, mtu hununua sabuni kwa sababu anataka kunukia. Ukasema afya nayo ni ya kuuzwa hivyohivyo, ujue kwanza mnunuzi wako anataka nini na anaogopa nini. Mama Aperila akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema wamekusomesha kote kule urudi mchuuzi! Haya mchuuzi, tuuzie basi, tuone.

Ukazunguka nyumba kwa nyumba ukiuliza kwa nini wenye kisukari hawatazami nyayo zao, na hali hufa ganzi zikaumia bila wao kuhisi. Watu walikujibu kwa adabu, yaani walikudanganya. Bibi yako ndiye aliyekuambia, tena kwa ile sauti yake iliyosikika mpaka barabarani. Alisema mtu aliyelelewa hamnyooshei mwenzake miguu, huikunja au huifunika kwa mkeka, na mwenye jina la uchifu ndiyo kabisa, sasa mkwe gani atamwambia mzee lete unyayo nikuone?

Hapo ndipo ukaleta ule mkeka mdogo wenye nyuzi nyekundu pembeni. Ukasema mwenye kuketi mbele ya mkeka ule ana ruhusa, hata chifu, hata mchungaji, anyooshe miguu na mwenzake amtazame, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Na wakati wake ni uleule wa sala ya jioni, kombe la baharini likishapulizwa na kila mtu yuko ndani. Hamkuugawa bure. Tulilalamika, nawe ukasema cha bure watamlalishia mbwa. Tukausuka, tukauza, na sasa nyumba isiyo na mkeka huo inasemwa.

Kisha mkatafuta wa kutangulia. Ukasema mkiweka muuguzi watu wataona kazi, mkiweka mwimbaji wa Apia wataona maringo. Ukamchagua baba yako, kwa sababu naye ana kisukari, ni chifu msemaji na ni nahodha wa kriketi, na ukasema akinyoosha yeye, nani atabaki amekunja? Akapigwa ile picha, miguu yake mikubwa juu ya mkeka na Lagi amepiga magoti anaitazama. Mkaibandika ubavuni mwa mabasi.

Mwanangu, baba yako alinenepa kwa furaha. Alikuwa akitoka kwenda barabarani kungoja basi lipite. Vijana wa kriketi wakimwona wanamwambia, "Mzee, leo umetembea au umepanda miguu yako?" Naye anawajibu kwamba miguu yao wao haifai hata kubandikwa kwenye toroli. Na kazi ilifanyika, sikatai. Jirani yetu Fatu alionekana kidonda kingali kama punje, akatibiwa, leo anakimbia. Kwa hiyo usidhani mkeka haukufaa kitu.

Lakini sikia tulipokosea. Miguu ya baba yako ilipokwisha kuwa miguu ya basi, hakuna aliyeitazama tena. Jioni ananyoosha, sisi tunasema ahsante chifu, tunainamisha macho kama tunavyoyainamisha akihutubia kijiji. Kamati ikipita kukagua inamsifu kwa mfano mwema na kuendelea nyumba ya pili. Lagi alijaribu kumtazama kama kwenye picha, mama yake akamfinya, akamwambia asimkodolee babu macho. Na mimi mkewe nilikuwa naitazama juu, kwenye vidole, pale watu wanapotazama kwenye bango. Chini sikuinama.

Siku ya Akina Baba, Iakopo alikuwa anapanga mawe ya moto ya tanuri kwa chakula cha baada ya ibada. Baba yako akapita pekupeku kumgombeza kwamba mawe kayatandaza vibaya, magimbi yatabaki mabichi. Jiwe moja lilikuwa limebiringika pembeni. Akalikanyaga, akasimama juu yake, akaendelea kusema. Iakopo anasema alisikia harufu ya ngozi inayoungua, akageuka kumtazama nguruwe, akidhani ndiye. Baba yako alimaliza maneno yake yote, nawe unajua maneno yake yalivyo marefu, akaenda kuoga, akavaa nyeupe, akaenda kanisani.

Baada ya hapo akaanza kuvaa soksi. Nyumbani, kwenye joto hili! Nikamcheka, nikamuuliza kama amehamia Nyuzilandi. Akasema ni agizo la ofisi yenu, miguu ya bango ilindwe. Nikaamini. Kitu kikisemwa kimetoka kwako mimi huamini.

Wiki iliyopita alilala mchana baada ya chakula, nikaona nzi hawatoki kwenye soksi ya kulia. Nikaivua. Nisamehe kwa kukuambia haya kwa maandishi. Pana shimo, kando yake pamekuwa peusi, na harufu ile nilishaisikia kwa marehemu mama yangu. Nikaugusa ukingo wake kwa kidole. Hakuamka, Temukisa. Nikabonyeza. Aliendelea kukoroma.

Alipoamka alinikuta nalia. Kwanza alisema ni mchubuko. Halafu akasema nyamaza, bibi atasikia, nikamwambia bibi hasikii hata kengele ya kanisa. Nikamwambia, "Mzee, wewe si ndiye unayewaambia watu waende mapema?" Akasema, "Ndiyo maana siwezi kwenda." Basi. Akavuta soksi.

Nilikwenda zahanati, nikajifanya nauliza habari za shangazi wa kijiji kingine. Yule muuguzi alinitazama sana. Akasema huyo shangazi alipaswa kuletwa hapa zamani. Akasema weusi ukiachwa ukapanda, atakatwa mguu, na ukishaingia kwenye damu hatutazungumza habari za mguu tena. Akaniuliza shangazi anaitwa nani. Nikasema nimesahau, nikaondoka mbio kama mwizi.

Sasa wewe unakuja Alhamisi na wale wageni wa ng'ambo wanaotaka kuona mkeka na kumwona mwenye miguu. Yeye amejipangia. Atakaa hapo kwenye nguzo yake ya mbele, atanyoosha miguu, nyayo ameziegemeza kwenye boksi lililofunikwa mkeka mzuri, wageni wapige picha ya vidole. Wakishaondoka, ndipo aende hospitali. Ndivyo alivyoniahidi. Lakini Jumamosi nilipomwosha niliona weusi umepita mahali ulipokuwa. Jana kanisani alitetemeka, akasema ni feni. Leo nimempikia wali wa kakao, ule anaougombania na mjukuu wake, amemsukumia Lagi bakuli zima. Ana homa. Nimemgusa shingo, ana homa.

Nilidhani ni kiburi. Nilimwambia hivyo kwa maneno mabaya, nikamuuliza kama anataka azikwe na bango lake. Hakunijibu kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa, maana baba yako kunijibu kwa hasira ndiyo afya yake. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa nalo tangu Pasaka na hajawahi kumwambia mtu.

Pasaka ile ulipokuja, ulikwenda nyuma ya nyumba ya kupikia kuongea na simu. Ulidhani uko peke yako. Alikuwa upande wa pili anakuna nazi. Alikusikia unalia. Alisikia ukimwambia huyo rafiki yako kwamba watoa fedha wakija na wasipopendezwa, kazi inafungwa, na wote mlioajiriwa mnarudi makwao. Na alisikia ukisema, "Baba yangu ndiye kazi yenyewe. Akianguka yeye, nimeanguka mimi."

Aliacha kukuna nazi usimsikie.

Ndicho anachokibeba, mwanangu. Si bango. Ameniambia, "Mtoto alinipa kitu kimoja tu cha kumtunzia, miguu yangu mwenyewe, nami nimeiharibu. Niache nimfikishe Alhamisi." Akageuza uso kuelekea barabarani nisimwone. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona anageuza uso.

Sikuandikii kukulaumu. Uliyasema ukiwa na uchungu, na mtu akilia hachagui maneno. Wewe umefanya kazi ambayo mimi nikipita barabarani natembea wima kwa ajili yake. Lakini maneno yale yamekaa kwake, na yamekaa vibaya. Mimi nimeshasema yangu yote. Iakopo alisema yake, akafukuzwa kwa mawe ya kweli. Mchungaji siwezi kumpelekea, maana akijua mchungaji ni kijiji kizima, na baba yako ataona aibu kiasi cha kutopanda gari kabisa.

Kwa hiyo usimtumie maneno ya semina. Usimweleze habari za kisukari, anazijua, anazihutubia. Usimwambie hata kwamba mtatafuta miguu mingine ya kuweka kwenye basi, ataona amefutwa. Mwambie kwa sauti yako ile ya mtoto kwamba ofisi ikifungwa na ifungwe, utarudi nyumbani tutakula magimbi ya Iakopo. Mwambie kwamba ulilia siku ile na machozi yalikwisha siku ileile. Mwambie humdai miguu.

Iakopo amekwisha kujaza gari mafuta, limeelekezwa barabarani, na godoro liko nyuma. Fialauia amefunga nguo za baba yako kwenye mfuko, ameuficha chini ya mikeka. Tunamzunguka kutwa tukijifanya tunafagia. Neno langu mimi amelikataa. Lako hawezi.

Bibi anakusalimu tena, Lagi anakusalimu, wote wanakusalimu. Baba yako hajui kama nakuandikia, lakini naye anakusalimu, maana kila asubuhi hutaja jina lako kwenye sala kabla ya yetu.

Ukisoma hapa usimalize hata chai. Piga simu saa hiyohiyo, au panda meli uje mwenyewe. Usingoje Alhamisi, mwanangu. Usingoje hata kesho.

Ni mimi mama yako,
Fuatino